Mbio za kilomita 21: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila mwaka, Februari inapoelekea ukingoni, mji wa Moshi hupokea maelfu ya wakimbiaji wanaokuja kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, na miongoni mwao wamo wengi ambao hawaendi kukimbia marathoni kamili bali nusu marathoni, yaani kilomita 21 na mita 97 na ushei. Ni umbali ambao mwalimu, muuza duka au mwanafunzi anaweza kujiandaa nao kwa miezi michache bila kuacha shughuli zake, na pengine ndiyo sababu umezungukwa na ushauri mwingi wa vijiweni. Sehemu ya ushauri huo haina madhara, lakini sehemu nyingine humfanya mtu aliyejiandaa vizuri afike mwisho akiwa hoi, au aishie kwenye hema la huduma ya kwanza.

Wapo wanaoamini kwamba hizi ni mbio ndogo, za wale walioshindwa marathoni. Ukweli ni kwamba tangu mwaka 1992 umbali huu una ubingwa wake wa dunia, na Mtanzania Fabiano Joseph aliutwaa mwaka 2005 huko Edmonton, Kanada. Kwa mkimbiaji wa kawaida jambo zito zaidi ni muda anaokaa barabarani. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kamili mjini Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Anayemaliza kilomita 21 kwa saa 2 na robo ameufanyisha moyo, mapafu na miguu yake kazi kwa muda mrefu kuliko Kipchoge siku ile. Kasi zao hazilingani hata kidogo, lakini mwili huhesabu pia dakika za kazi, na maandalizi yanapaswa kuziheshimu.

Dhana inayowaangusha wengi kuliko zote ni ile ya kuweka akiba ya dakika mwanzoni, kwamba mtu akimbie haraka wakati bado ana nguvu ili baadaye akichoka awe na muda wa ziada mkononi. Akiba hiyo haiwekeki. Kila mtu ana kiwango cha kasi ambacho mwili wake unaweza kukihimili kwa muda mrefu, na akikivuka, misuli hutumia sukari yake kwa pupa, joto la mwili hupanda na pumzi huanza kukatika; dakika mbili zilizookolewa katika kilomita tano za kwanza hulipwa kwa riba baada ya kilomita ya 15. Moshi hulionyesha jambo hili waziwazi, kwa sababu barabara ya kwenda Mweka hupanda polepole kati ya migomba na mibuni, bila kilima kimoja kikali cha kumtisha mtu apunguze mwendo. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam, aliyezoea barabara za tambarare, hung'ang'ania kasi yake ya nyumbani na kushangaa kwa nini mapigo ya moyo yanagonga kooni ilhali barabara haionekani kuwa mbaya. Anayekubali kupitwa na watu wengi mwanzoni, akiwa bado na uwezo wa kusema sentensi fupi bila kuhema, ndiye mwenye nafasi ya kuwakuta mbele kwenye mteremko wa kurudi mjini.

Kuhusu chakula, husemwa kwamba usiku wa kuamkia mbio ni lazima ule mlima wa ugali au wali, la sivyo utaishiwa nguvu njiani. Hesabu yenyewe haitishi hivyo. Mtu wa kilo 70 hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, ambayo ni karibu 1,500 kwa umbali huu wote, na sehemu ya nishati hiyo hutoka kwenye mafuta ya mwili. Sukari inayohifadhiwa kwenye misuli na ini la mtu aliyekula vizuri inaweza kufikia gramu 400 hadi 500, sawa na kilokalori 1,600 hadi 2,000. Kwa hiyo mlo wa kawaida wenye wanga wa kutosha, pamoja na kifungua kinywa chepesi saa mbili au tatu kabla ya kuanza, humtosha mkimbiaji. Mlima wa ugali atakwenda nao tumboni.

Maji ndiyo suala ambalo ningependa kila mkimbiaji mpya alielewe kabla hajanunua hata raba. Ushauri wa kunywa kwa wingi kadiri unavyoweza, kwenye kila meza ya maji njiani na kabla hujahisi kiu, umewahi kuua watu. Maji yakizidi kiasi kinachotoka kwa jasho na mkojo, chumvi ya sodiamu katika damu huzimuliwa, seli za ubongo huvimba, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, dalili ambazo mpita njia huzidhania kuwa za kiu na kumwongezea maji mengine. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 baada ya Boston Marathon ya mwaka 2002 waliwakuta asilimia 13 wakiwa na sodiamu pungufu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani. Wanaomaliza polepole ndio wanaopaswa kujihadhari zaidi, kwa kuwa hupita kwenye meza za maji bila haraka na hutumia muda mrefu zaidi kunywa. Kiu ni mwongozo mzuri kwa watu wengi; kwenye joto la pwani utahisi kiu mapema, na basi unywe.

Palepale niseme kuhusu vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni ambavyo baadhi ya watu humeza asubuhi ya mbio ili wasisikie maumivu. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, wakati ambapo jasho tayari limeipunguza. Maumivu yanayohitaji kidonge kabla ya kuanza ni sababu ya kutokuanza.

Kutembea nako hakumfanyi mtu awe ameshindwa. Jeff Galloway, Mmarekani aliyeshiriki Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alifundisha kwa miongo mingi kubadilishana kukimbia na kutembea kwa vipindi vilivyopangwa tangu mwanzo. Wala si lazima uwe umewahi kukimbia kilomita 21 mazoezini. Aliyefikisha 16 au 18 bila kuumia anaweza kumaliza.

Yanabaki maumivu ya siku zinazofuata, ambayo wengi husema ni asidi ya laktiki, ile inayotokea misuli inapofanya kazi kwa nguvu, iliyoganda miguuni. Laktiki iliyoongezeka hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama, ilhali maumivu haya hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Chanzo chake ni majeraha madogo sana ndani ya nyuzi za misuli, hasa ya mapaja, inapofanya kazi huku ikirefuka ili kumzuia mtu asiporomoke kwenye mteremko. Ndiyo maana aliyeteremka kutoka Mweka akijisikia vizuri Jumapili hujikuta Jumanne akishuka ngazi za ofisi kinyumenyume, huku ameshikilia ukuta. Kukandwa kunaweza kumpa nafuu kidogo, na matembezi mepesi pia, lakini misuli hujijenga kwa muda wake. Magoti, ambayo ndugu na majirani huyahofia zaidi, hayapo hatarini kiasi hicho: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kusagika kwa goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na kwa asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia kabisa.