Mgombea wa Bunge la Minnesota anapoahidi usalama: kipi kiko mikononi mwake

Katika vipeperushi vya kampeni za Bunge la jimbo la Minnesota, ahadi ya usalama ndiyo nyepesi kuandika na nzito kutekeleza. Mgombea anaweka picha ya gari la polisi, anaandika "Mitaa salama, familia salama", basi. Kazi yangu ni kuwaandalia wagombea sera, na swali ninaloanza nalo ni moja: hicho unachoahidi, mwenye mamlaka nacho ni nani?

Wasomaji waliokulia Kenya au Tanzania hupotea hapa mara nyingi, kwa sababu kwetu polisi ni wa taifa na Inspekta Jenerali ni mmoja. Minnesota mji wenye polisi huwaajiri wenyewe na kuwalipa kutoka bajeti yake, na miji mingine midogo hutegemea sherifu wa kaunti. Kaunti ina sherifu anayepigiwa kura kila miaka 4, na jela ya kaunti iko chini yake. Anayeamua mtu ashtakiwe au asishtakiwe kwa kosa kubwa ni mwendesha mashtaka wa kaunti, naye pia huchaguliwa kwa miaka 4. Dhamana huamuliwa na hakimu, na katiba ya jimbo inampa kila mtu ambaye bado hajatiwa hatiani haki ya kupata dhamana. Kwa hiyo anayesimama jukwaani na kusema "nitafuta dhamana kwa majambazi" anaahidi kubadili katiba: mabaraza yote mawili ya Bunge yapitishe, kisha wananchi wapige kura. Na kura hiyo ina mtego wake. Hoja inahitaji wingi wa wote waliojitokeza kupiga kura siku hiyo, kwa hiyo anayeacha nafasi hiyo wazi huhesabiwa kama aliyekataa.

Mbunge wa jimbo hana askari hata mmoja anayeweza kumpa amri. Anachoshika ni sheria ya jinai, fungu la bajeti, magereza ya jimbo, masharti ya mafunzo na leseni za polisi, na idara ya upelelezi ya jimbo, BCA, yenye maabara St. Paul na Bemidji. Hiyo maabara wagombea huisahau, ingawa ni moja ya sehemu chache ambako shilingi ya jimbo, au tuseme dola, inafika moja kwa moja kwenye kesi. Sampuli ikikaa foleni, mpelelezi anasubiri, shahidi anahama, na kesi inapoa. Mgombea anayejua sampuli zinasubiri kwa muda gani ana jambo zaidi la kusema kuliko mwenye picha ya gari la polisi.

Tuchukue unyang'anyi wa magari, kosa lililowatia watu hofu sana Minneapolis na miji ya pembeni yake kuanzia 2020. Zamani lilishtakiwa kama unyang'anyi wa kawaida, hivyo hata kupata hesabu yake ilikuwa shida. Mwaka 2023 Bunge lililifanya kosa linalojitegemea, lenye ngazi tatu: ya kwanza kifungo kisichozidi miaka 20, ya pili 15, ya tatu 10. Mgombea akisoma hapo hukimbilia kusema "nitapandisha iwe 30". Lakini hicho ni kikomo cha juu tu, na hukumu halisi haitoki huko. Tangu Mei 1980 mahakimu wa Minnesota wanafuata mwongozo wenye jedwali: upande mmoja uzito wa kosa, upande mwingine alama za makosa ya nyuma ya mshtakiwa. Mahali pande hizo zinapokutana ndipo panapotoa idadi ya miezi, na hakimu akitaka kutoka nje ya hapo lazima aandike sababu. Ukipandisha kikomo bila kugusa jedwali, mtu yuleyule kwa kosa lilelile anaweza kupata miezi ileile.

Halafu kuna hesabu ya muda wa gerezani. Kwa kawaida theluthi mbili za hukumu hutumikiwa ndani na theluthi moja nje chini ya uangalizi, kwa hiyo aliyepewa miezi 60 hukaa ndani 40. Sheria nyingine ya 2023 inamruhusu mfungwa anayetimiza mpango wake wa urekebishaji kupunguziwa zaidi, ila asishuke chini ya nusu. Mgombea anayepinga sheria hiyo, au anayeiunga mkono, ajue namba hizi kichwani. Mwandishi wa habari wa mjini atamuuliza, na kigugumizi mbele ya kamera hakifutiki.

Msimamo wangu mwenyewe ni kwamba kuongeza miaka ya kifungo ndiyo bidhaa dhaifu kuliko zote kwenye duka hili. Kijana anayenyakua funguo za gari saa tano usiku hajui ngazi ya pili ina miaka mingapi. Anachopima ni kama atakamatwa. Ndiyo maana ningependa kuona kipeperushi kinachotaja wapelelezi, maabara na ulinzi wa mashahidi.

Kuhusu fedha, mfano mzuri ni zile dola milioni 300 zilizotengwa 2023 kwa ajili ya usalama katika miji, kaunti na mataifa ya wenyeji asilia. Ziligawanywa hasa kwa idadi ya watu, na zilikuwa za mara moja tu. Ukizitumia kuajiri askari wapya, mwaka wa pili mshahara wao utautoa wapi? Miji iliyofikiri vizuri ilizielekeza kwenye vifaa, mafunzo au kazi yenye mwanzo na mwisho. Mgombea akisema "nitaleta fedha za usalama", mpiga kura amuulize kama ni za kila mwaka au za mara moja, na kama zitatoka kwenye bajeti ya miaka miwili inayopitishwa mwaka wenye namba witiri. Aliyechaguliwa Novemba anaapa Januari na kuikuta bajeti mezani. Hana muda wa kujifunza akiwa kitini.

Makadirio ya gharama ya miswada ya nyuma yako wazi mtandaoni, na mgombea asiye mbunge anaweza kuyasoma bila kumwomba mtu ruhusa. Tafuta mswada unaofanana na ahadi yako, uone uligharimu kiasi gani na ulikwama kwenye kamati gani. Mara nyingi utakuta haukuuawa na wapinzani. Uliuawa na ukurasa wa gharama ya vitanda vya magereza.

Kisha kuna kubisha hodi kwa wapiga kura. Wilaya moja ya uchaguzi ya Baraza la Wawakilishi ina wakazi wapatao 42,600, na ushindi unaweza kuwa mwembamba kuliko unavyodhani: Shakopee, 2024, kiti kiliamuliwa kwa kura 14 baada ya kuhesabu upya. Kosa la kawaida mlangoni ni kuuliza "Je, usalama ni tatizo hapa?" Kila mtu atasema ndiyo, nawe utaondoka mikono mitupu. Uliza "Ni sehemu gani ya mtaa huu hupiti usiku?" na "Mara ya mwisho, uliripoti?" Andika mahali, saa, na kama polisi walipigiwa. Brooklyn Park, ambako Wakenya na Waliberia ni wengi, na ambako Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Bungeni 2024, usishangae mama akisema hakuripoti kwa kuogopa maswali ya uhamiaji. Jibu hilo halionekani kwenye takwimu za BCA, na ndilo linalokuonyesha kwamba sera yako inahitaji kipengele cha wakalimani na cha mashahidi.

Tangu mauaji ya Melissa Hortman, Spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mumewe nyumbani kwao Brooklyn Park, Juni 2025, watu wanasita kumfungulia mgeni. Nendeni wawili wawili, kitambulisho cha kampeni kionekane, rudini nyuma hatua mbili baada ya kubonyeza kengele, na gizani msiende kabisa.

Mwisho ni sheria za kampeni zenyewe, maana mgombea wa usalama anayevunja sheria ni zawadi kwa mpinzani. Ukishapokea au kutumia zaidi ya dola 750, una siku 14 za kuandikisha kamati kwenye bodi ya fedha za kampeni. Mtu mmoja haruhusiwi kumchangia mgombea wa Baraza zaidi ya dola 1,000 katika kipindi cha uchaguzi, na mchango usio na jina usizidi 20. Ukitaka kuandika kwamba sherifu fulani anakuunga mkono, sheria inadai ruhusa yake ya maandishi kwanza. Kukupa mkono kwenye gwaride la Julai 4 siyo ruhusa, na picha ya tukio hilo iliyowekwa chini ya neno "wanaotuunga mkono" inaweza kukuletea malalamiko rasmi. Pata barua yenye sahihi na tarehe, iweke kwenye faili, ndipo upeleke kipeperushi kwa mpiga chapa.