Mkandarasi ana mkataba, darasa la tatu halina

Kila Juni bajeti ikishasomwa Dodoma naulizwa swali lilelile, eti wewe si mtu wa mahesabu ya serikali, hivi SGR, ile reli ya treni ya umeme, na bwawa la umeme la Nyerere si ndo vimekula hela ya shule? Jibu langu huwa haliwafurahishi watu. Mi naona kinachoiumiza elimu zaidi ni aina ya hela inayopewa.

Chukua kapitesheni, ile ruzuku ya kuendeshea shule. Ilivyoanza na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, 2002 ilipigiwa hesabu ya dola 10 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, enzi hizo kama elfu kumi yetu. Ikaja Januari 2016 elimu bila ada imeanza, michango ya lazima marufuku, kiwango bado elfu kumi ileile wakati dola imeshavuka shilingi 2,000, yani mtoto kabakiwa na chini ya dola 5 (chaki zilinunuliwa na nini waulizeni walimu wakuu). Na hakuna mbunge aliyesimama kuikata. Imeliwa na bei tu, kimyakimya.

Sasa njoo kwa mkandarasi. Lile bwawa la megawati 2,115 mkataba wake wa kama trilioni 6.5 ulisainiwa Desemba 2018, na miradi ya hivi kazi ikishapimwa inaletwa hati ya madai, ukichelewa kulipa riba inaanza kuhesabika, ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeshalia na hizo riba za wakandarasi zaidi ya mara moja. Hazina ikibanwa unadhani nani anaambiwa asubiri? Mwalimu mkuu anaidai serikali riba kwa kifungu gani?

Halafu kwenye bajeti mshahara wa mwalimu unaandikwa matumizi ya kawaida, jengo ndo linaitwa maendeleo. 2021 tulipata ule mkopo wa IMF wa UVIKO-19, trilioni 1.3, sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 chapchap, safi kabisa, ila mwalimu wa kuingia humo anataka mshahara miaka 30. Na ukiona fungu la maendeleo la Wizara ya Elimu limenona, toa kwanza mikopo ya wanafunzi wa vyuo, nayo imo humohumo.

Treni yenyewe naipanda na naipenda. Ninachotaka kapitesheni iandikwe kwenye sheria, ipande na mfumuko wa bei kila mwaka, Hazina iikute mezani kama inavyoikuta hati ya mkandarasi.