"Had" haipimi umbali wa zamani

Wanafunzi wengi wa Kiingereza huamini kwamba "had" ni ya mambo ya zamani sana, na kadiri tukio lilivyo la kale ndivyo inavyohitajika. Ndiyo maana mtu huandika "I had visited Mombasa in 2009" akaishia hapo. Mwaka umetajwa, tukio jingine la kulinganisha halipo. "I visited" inatosha kabisa. Hata dinosauri, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita, husemwa kwa "died out" tu.

Kinachoangaliwa ni lipi lilitangulia. "When I reached the bus stop, the bus had left": huenda ni dakika tano tu zilizopita, lakini basi lilikwisha kwenda. Sisi husema "nilipofika, basi lilikuwa limeondoka", kwa hiyo wazo lenyewe si geni hata kidogo. Ukiandika "the bus left", maana inageuka: ulifika, ndipo likaondoka.

Penye "after" mpangilio tayari unajulikana, hivyo "had" si lazima: "After she locked the shop, she went home." Mwalimu anayekata alama hapo anamwonea mwanafunzi.