Jina la Shahada Halitoshi Kupima Kozi ya Data Kubwa

Waombaji wengi wa vyuo vikuu huamini kwamba kozi nzuri ya data kubwa (big data, yaani data nyingi kupita uwezo wa kompyuta moja) ni lazima itajwe hivyo katika jina la shahada. Hata hivyo, msingi wa fani hii ni takwimu, aljebra, hifadhidata na uandishi wa programu, masomo ambayo shahada za takwimu na za sayansi ya kompyuta huyafundisha pia kwa kina. Zana hubadilika: Hadoop, programu ya kugawa uchakataji wa data kwa kompyuta nyingi, ilitoka mwaka 2006, kisha kazi nyingi zikahamia Spark, programu nyingine ya aina hiyo, ilhali SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata iliyobuniwa miaka ya 1970, ingali inatumika kila siku. Mwombaji asome mtaala wa kila muhula, aangalie saa za maabara na, muhimu zaidi kwa maoni yangu, awaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho kama wamewahi kuchakata data isiyoenea katika kompyuta moja.