Nyota moja za The Boys hazikuwa hukumu ya hadithi

Septemba 2020, msimu wa pili wa The Boys, tamthilia ya Marekani kuhusu mashujaa wenye nguvu za ajabu, ulipoanza kuonyeshwa kwenye huduma ya video ya Amazon, ukurasa wake ulijaa alama za nyota moja. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba watazamaji waliukataa msimu ule. Sivyo. Ukisoma maoni yenyewe, wengi walilalamikia ratiba. Mwaka 2019 vipindi vyote vinane vya msimu wa kwanza vilitoka siku moja. Wa pili ulianza na vitatu, kisha kimoja kila wiki. Waliozoea kumaliza kwa mkupuo walikasirika, na hasira ikaishia kwenye nyota. Wahakiki waliusifu, na mwaka 2021 uliteuliwa kuwania tuzo ya televisheni ya Emmy ya tamthilia bora, heshima ambayo kwa maoni yangu ulistahili kabisa.

Hata asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, husomwa vibaya, kana kwamba ni alama za mtihani. Asilimia 90 maana yake wahakiki 9 kati ya 10 wameisifu kazi, hata kama kila mmoja aliiona nzuri kiasi tu. Ndiyo maana msimu wa kawaida usiomuudhi mtu unaweza kuupita ule unaopendwa mno na wengi lakini ukawachukiza wachache.