Maneno dhahania na mtoto mwenye usonji au tatizo la lugha

Neno dhahania hutaja jambo usiloweza kulinyooshea kidole: haki, ahadi, zamu, bahati. Mtoto akiuliza kikombe ni nini, unamwonyesha. Akiuliza haki ni nini, inabidi umweleze kwa maneno mengine, na kwa mtoto ambaye maneno yenyewe yanampa taabu, kazi ipo. Watoto hao si wachache: utafiti wa Surrey, Uingereza, uliotolewa 2016, ulikuta kwamba katika darasa la watoto 30, wawili hivi wana tatizo la ukuaji wa lugha lisilo na chanzo kinachojulikana.

Mtoto hulipataje neno la namna hii? Kwanza kupitia hisia. Mwaka 2018 watafiti Marta Ponari, Courtenay Norbury na Gabriella Vigliocco walionyesha kwamba hadi miaka 8 au 9 hivi, watoto hushika upesi zaidi maneno dhahania yanayobeba furaha au uchungu. Pili ni lugha yenyewe, yaani sentensi ambazo neno limezoea kukaa ndani yake. Kwa hesabu hiyo ungedhani mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na mahusiano), anayepata shida na hisia, atakwama kwenye njia ya kwanza, na mwenye tatizo la lugha kwenye ya pili. Watafiti haohao walipowapima, haikuwa hivyo. Hakuna kundi lililoonyesha udhaifu wa pekee kwenye maneno dhahania, zaidi ya ule wa maneno ya vitu.

Kwa hiyo ule ushauri wa "mfundishe majina ya vitu tu, hayo mengine hatayaweza" mimi siukubali. Ila kadi ya picha peke yake haifai. Mwonyeshe mizani useme "haki", naye atajua kwamba mizani inaitwa haki. Subiri siku dada yake amepewa mandazi mawili na yeye moja, midomo imeshaanza kumcheza: "Si haki, eti? Haya, tugawe sawa. Sasa ni haki." Kesho neno lilelile kwenye mpira, keshokutwa kwenye foleni ya bombani. Mwenye tatizo la lugha huhitaji kulisikia mara nyingi kuliko wenzake.

Na ukitaka kujua kama limeingia, usimwombe maana yake. Hata mtu mzima hapo hubabaika. Msimulie visa viwili, achague kipi ni cha haki.