Kodi ya kaboni si kodi ya pango

Mwezi uliopita nilikaa kwenye mkutano wa kijiji kimoja kinachotunza msitu. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akauliza: "Hii kodi ya kaboni ya msitu wetu italetwa lini?" Meza kuu ikamjibu kwa neno hilohilo, kwamba kodi ya kaboni iko njiani, asiwe na wasiwasi. Siku chache baadaye, ndani ya daladala, kijana akawa anaeleza kwa uhakika kabisa kwamba nchi zinazobishania kodi ya kaboni zinataka kuwatoza watu kwa kupumua. Mmoja anaingojea kama mapato, mwingine anaiogopa kama adhabu ya pumzi, na jambo lenyewe si hilo wala lile.

Bei ya kaboni ni fedha anazotozwa anayechoma makaa ya mawe, mafuta au gesi, kwa kila tani ya hewa ukaa, gesi inayoongeza joto duniani, inayotoka. Nchi inaweza kuiweka kama kodi ya moja kwa moja, kama Ufini ilivyoanza mwaka 1990, au ikaweka ukomo wa jumla na kugawa vibali ambavyo viwanda huuziana, kama Umoja wa Ulaya tangu 2005. Hoja ni ya zamani: mchumi Mwingereza Arthur Pigou aliiweka kitabuni mwaka 1920, kwamba anayewatia wengine hasara asiyoilipa, atozwe kwa kadiri ya hasara hiyo. Maana ndiyo hiyo, haina ugumu. Kinachotuvuruga ni maneno tuliyoivisha.

Neno kodi lina nyuso mbili. Mpangaji hulipa kodi kwa mwenye nyumba. Ukichukua baiskeli ya mtu kwa siku moja, umeikodi. Neno hilohilo tena ndilo la serikali: kodi ya mapato, kodi ya majengo. Mwenye msitu akisikia "kodi ya kaboni" anaisikia kama mwenye nyumba: kuna mtu ananufaika na miti yangu, basi alipe pango. Kwa masikio ya Kiswahili, mzee yule alikuwa na haki kabisa. Anachokidai kipo kweli, ila ni kitu kingine: ni biashara ya kaboni. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinavyolinda msitu wa Ntakata, hupata fedha kwa njia hiyo. Msitu unabaki umesimama, hewa ukaa ambayo ingetoka kama ungekatwa inapimwa na kuthibitishwa, kisha kiasi hicho kinauzwa kwa kampuni inayotaka kufidia uchafuzi wake, mara nyingi kwa hiari yake yenyewe. Kodi haina hiari, na fedha zake huingia hazina ya nchi iliyotoza. Kenya wengine huita bidhaa hiyo "mikopo ya kaboni", jina linaloniumiza zaidi, maana hapo hakuna aliyekopa wala atakayerudisha.

Sasa yule kijana wa daladala. Kosa lake linaanzia kwenye neno hewa. Ukaa umetokana na kaa, lile la makaa, na kaboni nayo inatoka kwenye neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo, kwa hiyo wakunga wa istilahi walifanya kazi safi hapo. Lakini tukitanguliza "hewa", msikilizaji anaingia moja kwa moja kwenye mapafu yake. Hewa ukaa unayoitoa puani ilikuwa kwenye ugali wa jana, na muhindi uliivuta kutoka angani msimu uliopita. Inazunguka tu, na hakuna nchi inayoitoza. Kinachotozwa ni kile kilichofukuliwa. Makaa ya mawe ya Mpumalanga, Afrika Kusini, yalilala ardhini zaidi ya miaka milioni 200. Yakichomwa, angani panaongezeka kitu ambacho hakikuwa kwenye mzunguko. Chukua dumu la lita 20 la petroli. Petroli yake ina uzito wa kilo 15 hivi, lakini ikiungua hutoa takriban kilo 46 za hewa ukaa, kwa sababu kila chembe ya kaboni hujishikia oksijeni njiani. Madumu 22 ya namna hiyo, tani moja imefika. Hiyo ndiyo tani inayopangiwa bei.

Kwa maoni yangu tungeiita tozo ya kaboni. Toza ni kumfanya mtu atoe, na hapo hakuna nafasi ya kumfikiria mwenye nyumba. Najua Tanzania neno tozo lina uchungu wake tangu zile tozo za miamala ya simu za 2021, lakini uchungu huo angalau unaelekeza upande sahihi: anayetajwa ndiye anayelipa. Tena tofauti hii si ya walimu wa lugha peke yao. Kanada majimbo matatu yaliipinga mahakamani sheria ya bei ya kaboni ya 2018, na Machi 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba malipo yale kikatiba si kodi, ni tozo ya udhibiti, kwa kuwa lengo lake ni kubadili mwenendo na si kujaza hazina. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ikirudishwa kwa kaya. Haikusaidia. Kwenye kampeni iliendelea kuitwa kodi, na tarehe 1 Aprili 2025 sehemu iliyowagusa wananchi kwenye mafuta ikashushwa hadi sifuri.

Kuna mahali pamoja ambapo kodi ya kaboni na biashara ya kaboni hukutana, na ni vizuri kupajua. Afrika Kusini ilianza kodi yake tarehe 1 Juni 2019, randi 120 kwa tani, ingawa nafuu zilizoambatana nayo ziliishusha hadi kati ya randi 6 na 48. Sheria yao inamruhusu mwenye mtambo kupunguza sehemu ndogo ya deni lake, mwanzoni asilimia 5 au 10 kutegemea sekta, kwa kununua upunguzaji wa hewa ukaa uliofanywa na mradi mwingine ndani ya nchi hiyo. Hapo tozo ya mmoja hugeuka mauzo ya mwingine. Hata hapo, mlipa kodi ni mwenye mtambo, na mradi ni muuzaji tu.

Mkutano ulipoisha nilimfuata mzee chini ya mwembe, nikamwambia: "Shikamoo mzee. Wakija tena, usiwaulize kodi. Waulize mgawo wa mauzo ya kaboni, na mkataba unasema kijiji kinapata asilimia ngapi." Akalirudia neno mgawo mara mbili, akaomba kalamu.